Usililie salamu ya Google, dai siku yako

Pasaka ikifika, au Idd, kuna mtu kwenye kundi lako la WhatsApp ambaye hukosi kumsikia. Atapiga picha ukurasa wa mbele wa Google, aitume kundini na kuuliza: "Mbona hawa hawajasema kitu?" Mwingine atamjibu kwamba kampuni hizi za Marekani zinawachukia Wakristo. Wa tatu atadai kwamba la, wanaochukiwa ni Waislamu, kwani Desemba taa na theluji hazikosekani. Wa nne atatuma kibonzo cha kuchekesha na kuuliza nani anachinja mbuzi. Kabla ya saa moja kuisha, watu wawili wamejiondoa kundini na bando la mtu limeisha.

Umewahi kujiuliza ugomvi huu ulianzia wapi, na unakuhusu vipi wewe kijana wa Nairobi, Mombasa au Eldoret? Hebu tuuchambue polepole. Ndani yake kuna jambo kubwa kuliko salamu.

Mchoro ulioleta noma

Turudi Jumapili ya Machi 31, 2013. Kwa Wakatoliki na Waprotestanti, siku hiyo ilikuwa Pasaka. Wamarekani walipofungua Google walikuta nembo ya kampuni imebadilishwa. Ndani yake kulikuwa na uso wa mwanamume anayeitwa César Chávez.

Unaijua michoro hiyo. Inaitwa Doodle, na Google imekuwa ikiiweka tangu 1998, mara kukumbuka mwanasayansi, mara kuadhimisha uhuru wa nchi fulani. Chávez alizaliwa Machi 31, 1927, na aliwaongoza wafanyakazi wa mashamba ya California kudai mishahara na mazingira bora ya kazi. Rais Barack Obama alikuwa ameshatangaza tarehe hiyo kuwa siku ya kumkumbuka. Kwa hivyo mchoro haukutoka hewani.

Lakini wee, mitandao ilichemka! Walisema Google imemtoa Yesu na kumweka mwanasiasa. Wengine walichanganya majina kabisa wakadhani ni Hugo Chávez, Rais wa Venezuela aliyekuwa amefariki Machi 5 mwaka huo huo. Kuna walioapa kwamba wangehamia Bing, mtambo wa kutafuta habari wa Microsoft, ambao siku hiyo ulikuwa umepambwa kwa mayai ya rangi.

Hapo ndipo kisa kinapochekesha kidogo. Mayai ya rangi hayamo popote katika Injili. Naye Chávez aliyelaaniwa alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, ambaye maandamano ya chama chake yalibeba picha ya Bikira Maria wa Guadalupe. Yaani mtu wa kanisa alikataliwa, mayai yakapokelewa kama ishara ya imani!

Google ilijitetea kwamba hupenda kusherehekea sikukuu lakini ni vigumu kuchagua tukio gani lionyeshwe. Jibu hilo halikumridhisha yeyote, na unaweza kuelewa kwa nini. Ukimwambia mtu "ni vigumu kuchagua" huku umeshachagua, atakuuliza ulitumia kipimo gani.

Kanuni yenye mianya

Kipimo kilikuja kuelezwa wazi miaka mitano baadaye. Pasaka ya 2018 iliangukia Aprili 1 na malalamiko yakarudi. Danny Sullivan, msemaji wa Google katika mambo ya utafutaji, alieleza kwamba kampuni haichori Doodle kwa sikukuu za dini. Inaweza kuchora sherehe zisizo za kidini ambazo chimbuko lake ni dini. Mifano aliyotaja ni Valentine, rangi za Holi huko India, sherehe ya Kiyahudi ya Tu B'Av, na msimu wa mapumziko wa Desemba. Hata hapo, alisema, alama za dini hazitumiki.

Ukiisoma haraka, kanuni hiyo inaonekana poa. Hakuna msalaba, hakuna mwezi na nyota, hakuna wa kulalamika. Isome tena sasa. Nani anaamua kwamba sherehe fulani imeshatoka kwenye dini na kuwa utamaduni tu?

Chukua Krismasi yetu. Kuna mamilioni ya Wakenya ambao Desemba 25 kwao ni nauli kupanda, safari ya kwenda mashambani, chapati na kuku, na watoto kuvishwa nguo mpya. Majirani Waislamu hukaribishwa kula. Je, hiyo ni dini au utamaduni? Ukimuuliza padre atakwambia moja, ukimuuliza mwenye matatu atakwambia jingine.

Sasa nenda Lamu wakati wa Maulidi. Watu humiminika kisiwani kuadhimisha kuzaliwa kwa Mtume Muhammad. Kuna kasida na ziara. Vilevile kuna mashindano ya punda, mbio za jahazi na wanawake waliopakwa hina, na watalii wanaokuja na kamera zao. Mwana wa Lamu hawezi kukukatia mstari hapa dini, pale utamaduni. Vimeshonwa pamoja kama kanzu na darizi yake.

Kwa hivyo kanuni ya "tunaadhimisha ikishakuwa utamaduni" inampa mamlaka mtu aliyeketi ofisini California kuamua imani ya nani imeshachujwa vya kutosha. Na mtu huyo, hata akiwa na nia njema, atazitambua kwanza sherehe alizokua nazo. Theluji na taa za Desemba hazimshtui, kwa sababu kwake ni hali ya hewa tu. Wewe uliyekulia Kisumu hujaona theluji hata siku moja, lakini kila Desemba inaanguka kwenye simu yako. Asiyekujua hakuthamini, wahenga walisema, na tunaweza kuongeza kwamba asiyekujua hata hajui kwamba amekusahau.

Kofia ndogo, kelele kubwa

Usidhani ni Google peke yake. Kama unasomea kuandika programu, huenda unatumia Visual Studio Code, chombo cha bure cha Microsoft. Desemba 2019, wahandisi wake waliweka kofia nyekundu ya Santa juu ya kialama cha mipangilio, kwenye toleo la majaribio. Utani wa Krismasi tu.

Mtumiaji mmoja akaandika kulalamika. Alisema kofia hiyo ni kumsukumia dini asiyoitaka, kwamba Krismasi inamkumbusha mateso ya Wayahudi kwa karne nyingi, na akafika hadi kuilinganisha na nembo ya Wanazi. Wapo walioshuku kama alikuwa anasema kweli au anatafuta kiki. Microsoft haikungoja kujua. Iliiondoa kofia na kuweka kipande cha theluji mahali pake.

Basi hapo ndipo moto ulipowaka. Watumiaji chungu nzima wakavamia ukurasa wa malalamiko kudai kofia yao. Wengine walileta hoja, wengine walileta matusi na chuki dhidi ya Wayahudi. Ilibidi timu iufunge ukurasa huo kwa muda. Wahandisi waliokuwa wakijiandaa kwenda likizo walijikuta wakizima moto kwa sababu ya kofia ambayo hata ncha ya kidole chako ingeifunika.

Kuna funzo hapa. Kofia iliwekwa bila kanuni na ikaondolewa bila kanuni. Aliyelalamika kwanza ndiye aliyesikizwa, halafu waliolalamika kwa wingi ndio waliosikizwa. Uamuzi unapotolewa hivyo, kila upande unajifunza jambo moja: ukitaka haki yako, piga kelele kuliko mwenzako. Na ukijiuliza kwa nini ugomvi wa dini hauishi mitandaoni, jibu mojawapo ni hilo.

Kalenda si pambo

Hadi hapa tumezungumzia michoro na kofia. Unaweza kusema ni mambo ya urembo, tusonge mbele. Lakini Februari 2025 ulizuka mzozo mwingine, na huu uligusa kitu unachokitumia kila siku: kalenda ya simu.

Watu waligundua kwamba Google Calendar haionyeshi tena siku kadhaa zilizokuwa zikijitokeza zenyewe. Miongoni mwake ni mwezi wa historia ya Wamarekani weusi, mwezi wa turathi za Wayahudi na siku ya kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi. Wengi walidhani ni amri ya Rais Donald Trump aliyekuwa ndio kwanza ameingia madarakani. Google ikajibu kwamba mabadiliko yalifanywa katikati ya 2024. Kwa miaka mingi, ilieleza, imekuwa ikichukua sikukuu za umma na maadhimisho ya kitaifa kutoka tovuti ya timeanddate.com. Baadaye wafanyakazi wakaanza kuongeza siku nyingine kwa mikono. Zilipofika mamia, na watu wa nchi mbalimbali wakawa wanauliza mbona yao haipo, kazi ikawashinda. Ikarudi kwenye sikukuu za umma na maadhimisho ya kitaifa pekee. Mengine, ongeza mwenyewe.

Kusema kweli, hoja hiyo ina mantiki. Dunia ina sherehe nyingi kuliko siku za mwaka. Tena hata sikukuu moja ina tarehe zaidi ya moja. Ile Pasaka ya Machi 31, 2013 iliyozua vita, kwa Waorthodoksi iliadhimishwa Mei 5. Krismasi ya Ethiopia, jirani yetu, ni Januari 7. Mwaka wa Kiislamu una siku kama 11 pungufu ya huu wa Januari hadi Desemba, ndiyo maana Ramadhan huzunguka misimu yote.

Na hapo kuna suala la mwezi. Katika 2025 Saudi Arabia ilisali Idd-ul-Fitr Jumapili, Machi 30, huku Oman, inayopakana nayo, ikisali Jumatatu. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila nchi ilifuata ushahidi wa mwezi ilioukubali. Hapa Kenya tunamsubiri Kadhi Mkuu, na wakati mwingine mitaa miwili ya Mombasa haisali siku moja. Kompyuta haipendi mambo ya kusubiri. Inataka tarehe iandikwe mapema, na ndiyo maana mara nyingi utaona Idd imewekewa maelezo kwamba tarehe inaweza kubadilika.

Kalenda, tofauti na mchoro, inaendesha maisha ya watu. Bosi anapopanga mkutano, hutazama kalenda. Mhadhiri anapopanga mtihani wa kujazia, hutazama kalenda. Mteja wa ng'ambo anapokupa siku ya mwisho ya kuwasilisha kazi, hutazama kalenda. Siku ikiwa imetiwa rangi, anairuka. Ikiwa nyeupe, anaijaza. Hajakuchukia. Hajakuona tu.

Mwandishi wa kalenda yako yuko Nairobi

Sasa tufike nyumbani, maana ukweli mwingine si mtamu. Kama simu yako inafuata sikukuu za umma za Kenya, basi swali la nani anaonekana na nani haonekani lilijibiwa na Bunge letu kabla ya hata simu hiyo kutengenezwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinakupa uhuru wa kuabudu na kinakataza mtu kunyimwa kazi au huduma kwa sababu ya imani yake. Ukifungua Sheria ya Sikukuu za Umma, unakuta Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Idd-ul-Fitr ni za Wakenya wote. Idd-ul-Azha imewekwa kwa ajili ya Waislamu, na Diwali kwa ajili ya Wahindu. Katika miaka ya hivi karibuni Waziri wa Usalama wa Ndani amekuwa akiitangaza Idd-ul-Azha kuwa mapumziko ya wote kupitia Gazeti Rasmi la Serikali. Tangazo lenyewe huweza kutoka siku chache tu kabla.

Fikiria maana yake kwa kijana Mwislamu aliyeajiriwa Westlands. Mwenzake Mkristo anajua tangu Januari kwamba Ijumaa Kuu yuko nyumbani. Yeye anajua Idd-ul-Azha itakuja, lakini hajui kama ofisi itafungwa au itabidi aombe ruhusa kama mtu anayeomba msaada. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Waislamu ni takriban asilimia 11 ya Wakenya. Hao ni mamilioni ya watu. Wahindu ni wachache zaidi, na kwa majirani wengi Diwali ni usiku ule wa fataki Parklands tu.

Kwa hivyo ukimlaumu Google kwa kutoiandika siku fulani, kumbuka kwamba anaweza kukujibu: "Mimi nimenakili kwenu." Na atakuwa sahihi.

Salamu ina bei, lakini si wewe unayelipwa

Kuna swali ambalo hatulizi sana: kwa nini kampuni hizi hutoa salamu za sikukuu? Upendo upo, sikatai. Wapo wafanyakazi Waislamu, Wakristo, Wahindu na Wayahudi ndani ya kampuni hizo wanaotaka kwa dhati imani yao ionekane. Lakini angalia pia msimu. Desemba watu hununua zawadi. Ramadhan watu hukaa na simu usiku kucha, wananunua chakula na nguo za Idd. Kwa kampuni inayouza matangazo, sikukuu ni mavuno. Salamu inayokufikia imebeba duka mgongoni.

Na ugomvi nao una faida yake. Ukikasirika kwa sababu Google haikutaja Pasaka, unaandika kwenye mtandao wa kampuni nyingine, mwenzako anakujibu, wa tatu anawatazama, na wote watatu mnaonyeshwa tangazo la viatu. Aliyesahau sikukuu yako hana hasara. Aliyekaribisha hasira yako amepata pesa. Wewe umebaki na bando lililokwisha.

Sisemi kwamba anayeumia hana sababu. Kuonekana ni jambo zito kwa binadamu. Mtoto wa Garissa anayeona mwezi mwandamo kwenye simu yake siku ya Idd anahisi kwamba dunia hii ya kidijitali imemtengea kiti. Mkristo anayeona kila sikukuu ikitajwa isipokuwa yake anahisi amepuuzwa, na hisia hiyo haiondoki kwa kuambiwa kwamba yeye ni wa dini ya wengi. Hoja yangu ni kwamba salamu ni kitu cha bei rahisi zaidi ambacho kampuni inaweza kukupa. Tukipigania cha rahisi tu, cha thamani hakitakuja kamwe.

Kilicho na thamani ni muda

Vijana wengi wa miji yetu sasa wanafanya kazi kupitia simu na kompyuta. Kuna anayeendesha teksi ya programu, anayebeba chakula kwa boda, anayeandika makala za wateja wa ng'ambo, anayepanga data ya kufundishia akili mnemba, na anayepokea simu za wateja usiku kwa saa za Marekani. Kwa watu hawa, mwenye sauti kuhusu sikukuu si meneja anayeweza kubembelezwa. Ni programu.

Programu haikukatazi kwenda kusali Idd au kuhudhuria ibada ya Ijumaa Kuu. Zima simu, nenda. Lakini siku hiyo hulipwi, kwa sababu unalipwa kwa safari au kwa kazi iliyokamilika. Kama kuna marupurupu ya kufikisha idadi fulani ya safari kwa wiki, wiki yako imepungua siku moja. Kama mteja alipanga tarehe ya mwisho Desemba 25 kwa sababu kwao si sikukuu, utachagua kati ya kuku wa mama na nyota tano za mteja.

Aliyeajiriwa rasmi ana mahali pa kushika. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa siku ya mapumziko moja katika kila siku saba, likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, na inakataza ubaguzi wa kidini. Lakini ukishaitwa "mshirika" au "mkandarasi huru" badala ya mfanyakazi, ulinzi huo unakuwa mgumu kuudai. Kampuni ya namna hiyo inaweza kukutumia ujumbe mtamu wa "Idd Mubarak" saa moja asubuhi, wenye mwezi na taa za kumeta, na saa mbili ikutumie mwingine: mahitaji ni makubwa leo, ingia barabarani upate zaidi. Ujumbe upi kati ya hizo mbili ndio msimamo wake wa kweli?

Tuna mfano mzuri wa Wakenya waliojua kutofautisha salamu na siku. Wanafunzi Waadventista Wasabato walikuwa wakilazimishwa na baadhi ya shule kuhudhuria masomo Jumamosi, siku yao ya ibada. Kanisa lao halikwenda mahakamani kuomba mabango ya "Sabato Njema" mlangoni mwa shule. Lilidai Jumamosi yenyewe. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikalipa haki. Hilo ndilo dai lenye uzito, kwa sababu lilimgharimu mwenye mamlaka kitu halisi: ratiba.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, ukiwa mtumiaji, dai kanuni iliyoandikwa. Kampuni ikisema haiadhimishi sikukuu za dini, sawa, isiadhimishe hata moja, Desemba ikiwemo. Ikisema inaadhimisha, iseme kwa kipimo gani: idadi ya waumini, sheria ya nchi, au maombi ya watumiaji? Kanuni usiyoipenda lakini inayomfunga kila mtu ni afadhali kuliko upendeleo unaokuja na kuondoka.

Pili, tumia chaguo ulilonalo. Kalenda nyingi za simu hukuruhusu kuongeza sikukuu za dini kwa kubonyeza mara chache tu. Google ina orodha za sikukuu za Kikristo, Kiislamu, Kiyahudi na Kihindu ambazo unaweza kuziwasha bila malipo. Tena usiwashe yako tu. Kama unaongoza kikundi cha masomo, chama cha vijana au timu ya kazini, washa na za wenzako. Utashangaa ni mara ngapi ulikuwa umepanga mkutano saa ya futari au Jumamosi asubuhi bila kujua.

Tatu, ukiwa unaunda programu, na najua wengi wenu mnaunda, usirithi kalenda ya California kama ilivyo. Unatengeneza mfumo wa mikopo? Jiulize kama tarehe ya kulipa inaweza kuangukia Idd ambayo bado haijatangazwa. Unatengeneza mfumo wa zamu za hospitali au duka? Weka mahali pa mfanyakazi kutaja mapema siku zake za ibada, na mruhusu abadilishane zamu na mwenzake. Mkristo amshikie Mwislamu Idd, Mwislamu amshikie Mkristo Krismasi. Hospitali nyingi zetu zimeishi hivyo miaka nenda miaka rudi kwa mazungumzo ya kawaida tu kati ya wauguzi. Programu yako isije ikaua ustaarabu huo.

Nne, peleka dai lako panapofaa. Kama unaona Idd-ul-Azha au Diwali inastahili hadhi nyingine katika sheria, mbunge wako ndiye wa kuulizwa. Kama tangazo la sikukuu linachelewa, wizara ndiyo ya kuulizwa. Kama programu unayoifanyia kazi inakukata marupurupu kwa kwenda kusali, waulize wenye programu hiyo, tena mkiwa kundi, si mmoja mmoja. Chávez yule waliyemkataa siku ya Pasaka alijulikana kwa jambo hilo hasa: kuwakusanya vibarua waliokuwa wakidharauliwa mmoja mmoja, wakazungumza kwa sauti moja.

Kwa hivyo mara nyingine picha ya ukurasa wa Google ikitumwa kundini na swali lile lile la "mbona hawajasema kitu," usikimbilie kutetea wala kulaani. Wajibu wenzako kwa swali jingine: "Nani kati yetu anafanya kazi siku hiyo bila kutaka?" Mazungumzo yatabadilika. Utakuta Otieno na Fatuma wana kilio kimoja, ila kalenda zao ndizo tofauti.

Salamu ikija, ipokee, ushukuru. Isipokuja, sikukuu yako haijapungua kitu. Lakini siku yenyewe, ile ya kukaa na watu wako, kusali unavyosali na kula ulichojaliwa, hiyo usikubali iamuliwe na mtu ambaye hata hajui kwamba ipo.